Gitaa Lisilo na Tarehe ya Kukamilika

Uso wa gitaa ninalolitengeneza sasa, yaani ubao wake wa mbele, una unene wa milimita 2.8 katikati. Umeegemea ukuta juu ya meza yangu ya kazi, na kila jioni nikirudi naushika kwa vidole viwili karibu na ukingo, naugonga kwa kifundo cha kidole, nasikiliza. Mlio wake umeanza kurefuka, ila bado una ukavu fulani nisioupenda. Huenda kesho nikaukwangua kidogo, huenda nikauacha wiki nzima. Hakuna mteja anayeusubiri.

Hilo la kutokuwa na mteja ndilo ninalotaka kulizungumzia, kwa sababu wengi wanaoanza kutengeneza magitaa nyumbani huliona kama upungufu. Wanatafuta njia za mkato za kiwandani, wanauliza gundi gani inakauka upesi na vanishi gani inang'aa siku hiyo hiyo. Mimi naliona kuwa ndiyo mali yetu kubwa. Kiwanda kina mashine bora kuliko zangu, kina maghala ya mbao za kuchagua, na kina mafundi ambao mikono yao imekwisha kuzoea kiungo kimoja mpaka wanakifanya wakiwa wamefumba macho. Kisichoweza kupata ni nafasi ya kuuacha ubao ukae mpaka uwe tayari. Sisi tunayo nafasi hiyo, na gitaa linadai subira karibu kila hatua.

Nianze na huo uso, kwani humo ndimo sauti inamotoka. Ukakamavu wa ubao haupungui sawasawa na unene wake. Unafuata kipeo cha tatu cha unene. Ukiupunguza ubao kutoka milimita 3.0 hadi 2.7, yaani umeondoa moja ya kumi tu, umepoteza zaidi ya robo ya ukakamavu. Kwa hiyo mwishoni mwa kazi kila upitishaji wa randa una uzito kuliko ule wa mwanzo, na vipimo vinavyotolewa kwenye michoro ni vya kuanzia tu. Mbao mbili zilizotoka kwenye gogo moja, zikakaa pamoja kwenye rafu moja, zinaweza kutofautiana kiasi kwamba moja itatosha ikiwa na milimita 2.6 na nyingine itakuwa imelegea hata kabla ya kufika 3. Kipimo cha chuma hakiwezi kukuambia hilo. Vidole vinaweza: unaushika ubao pande mbili, unaukunja kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, unahisi unavyokurudishia nguvu.

Karibu nyuso zote za magitaa ya nyuzi za chuma ni za msprusi (kwa Kiingereza spruce) au mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini. Msprusi ni mwepesi, kilo 400 na kitu kwa mita ya ujazo, lakini kwa urefu wa nyuzinyuzi zake ni mkakamavu zaidi ya mara 10 kuliko kwa upana. Hakuna mbao nyingi zenye wepesi huo na nguvu hiyo kwa pamoja. Ila nguvu hiyo unaipata tu ikiwa ubao umekatwa vizuri: ukiutazama kwa kichwa, mistari ya miaka isimame wima, na nyuzinyuzi zifuate urefu wa ubao bila kuzama ndani. Hili la pili ndilo linalofichika. Gogo likipasuliwa kwa kabari linafunguka pale linapotaka lenyewe, lakini msumeno unapita popote unapoelekezwa. Njia ninayoiamini ni kuziweka nusu mbili za uso pamoja kama kitabu kilichofunguliwa na kuzitazama chini ya taa. Ikiwa nusu moja inang'aa na nyingine imefifia, kisha ukizigeuza zinabadilishana, nyuzinyuzi zimezama. Gitaa litapiga, lakini ubao wa namna hiyo hupasuka upesi, na randa huung'oa nyuzinyuzi kila unapogeuza upande. Mimi huuweka kando, hata uwe mzuri kiasi gani kwa macho.

Anayetaka ushahidi kuwa uso ndio mwenye neno la kwanza na amtazame Antonio de Torres, fundi wa Hispania aliyezaliwa 1817 na kufariki 1892. Ndiye aliyeweka umbo la gitaa la nyuzi za utumbo ambalo wengi wanalifuata mpaka leo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye uso wa msprusi uliochongwa kwa uangalifu wote, lakini mgongo na mbavu, yaani mbao za pembeni, akazifanya kwa karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Gitaa hilo lipo kwenye jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Nikikutana na mtu anayebishana saa nzima juu ya mti gani wa mgongo una "sauti tamu," huwa nalitaja gitaa hilo kwanza, halafu tunaendelea.

Sisemi mgongo hauna maana. Mpingo, kwa mfano, unazidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo. Ukiuweka majini unazama. Mgongo wa mpingo unarudisha sauti badala ya kuimeza, na maseti yake mazuri yana weusi wenye michirizi ya zambarau ambao sijauona kwenye mti mwingine. Ni jamaa wa Dalbergia, ukoo ule ule wa miti ambayo watengeneza magitaa wameitamani kwa karne mbili. Tamaa hiyo imeumiza misitu. Dalbergia nigra ya Brazili iliwekwa kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1992, na kuanzia Januari 2017 ukoo wote uliobaki uliwekwa chini ya usimamizi, ingawa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa masharti. Mwenye kununua mbao hizi anapaswa kujua karatasi zake ziko wapi. Mimi siku hizi napenda mkangazi na mninga. Mninga hasa: ukishakauka hautikisiki, haupindi ovyo, na unapokea polishi kwa rangi ya dhahabu nyeusi inayozidi kukolea. Na gitaa linabaki jepesi mapajani.

Jambo moja kuhusu mpingo na ndugu zake, kabla sijasahau: vumbi lake linaweza kuwasha ngozi na kuchokoza mapafu, na mwili unaweza kulizoea vibaya, yaani kila mara ukalikataa zaidi. Vaa barakoa ya vumbi tangu siku ya kwanza.

Uso mtupu wa milimita 2.8 hauwezi kubeba nyuzi za chuma. Seti ya kawaida iliyokazwa inavuta kwa nguvu ya kilo 70 au zaidi, na nguvu hiyo yote inataka kulikunja daraja, kile kipande cha usoni kinachoshika nyuzi, lielekee shingoni. Kinachouzuia uso usisalimu amri ni mataruma, vile vijiti vya kuimarisha vilivyogundishwa ndani. Mpangilio wa msalaba unaotumika karibu kila mahali unahusishwa na C. F. Martin, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1833. Magitaa yake ya miaka ya 1840 tayari yalikuwa nao. Kinachonifurahisha ni kwamba wakati ule nyuzi zilikuwa za utumbo. Nyuzi za chuma zilikuja kutawala miaka mingi baadaye, zikakuta msalaba uko tayari kuzibeba.

Mataruma nayapasua kwa kisu na nyundo kutoka kwenye kipande cha msprusi, nikifuata njia ya mti wenyewe, ndipo nayapiga randa. Ile hesabu ya kipeo cha tatu inarudi hapa: taruma lenye kimo mara mbili lina ukakamavu mara nane, wakati lile lenye upana mara mbili lina mara mbili tu. Kwa hiyo mataruma yangu ni membamba na marefu, yamechongwa juu kama paa la nyumba, uzito mdogo na nguvu nyingi. Nikishayagundisha nakaa na patasi kali na kuyapunguza taratibu kuelekea kingo. Natoa ganda, nagonga, nasikiliza. Sauti inashuka na kufunguka. Kazi hii siifanyi kwa mkao mmoja hata siku moja. Sikio linachoka kabla ya mkono, na sikio lililochoka linasema "bado" wakati ilipaswa kusimama. Naacha, nalala, narudi. Asubuhi nasikia kitu kingine kabisa kwenye ubao ule ule.

Kupinda mbavu ndiyo sehemu ambayo wageni wakija hupenda kuitazama. Nina bomba la chuma linalopashwa moto kwa ndani, nalifikisha kwenye nyuzi joto 150 hivi za sentigredi. Ubavu una unene wa milimita 2 na pointi kidogo, urefu wa sentimita 80 kwenda juu, umelowanishwa kidogo tu. Naulaza juu ya bomba nikiusukuma polepole, na kwa muda unakuwa mkaidi kama mbao yoyote. Halafu unahisi kitu kinaachia. Joto na mvuke vimelainisha ile dutu inayoshikanisha nyuzinyuzi, na ubao unakubali mkono wako. Hapo ndipo subira inahitajika na nguvu haihitajiki; ukiusukuma kabla haujaachia, unavunjika kwa nje, na ukisubiri mno unaungua. Kiuno ndicho kigumu zaidi. Naanza nacho, kisha nafuata mkunjo mpana wa chini, mwisho ule mdogo wa juu. Nikimaliza naufunga kwenye kalibu, nauacha upoe na kukauka humo. Siku chache baadaye naurudisha kwenye bomba kwa dakika mbili tatu kunyoosha pale uliporudi nyuma. Ubavu unaokaa ndani ya kalibu bila kubanwa ni ubavu uliotulia, na gitaa lililofungwa bila kulazimishwa halina ugomvi ndani yake.

Gundi yangu ni ya ngozi, ile ya zamani inayopashwa kwenye maji mpaka nyuzi joto 60. Inakupa dakika moja hivi kabla haijaganda, kwa hiyo klampu zote ziwe zimeshajaribiwa pakavu. Nikiitumia naona faida mbili: inakauka ikiwa ngumu, na siku yoyote mtu akitaka kufungua kiungo, joto na unyevu vitakifungua bila kuharibu mbao. Anayeogopa haraka yake atumie gundi nyeupe au ya manjano ya maseremala, gitaa litashika vizuri tu.

Juu ya unyevu wa hewa nitasema machache kwa sababu kila mtu anausema: gundisha mataruma na funga sanduku hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 45 hivi, uwe na kipimo ukutani, na ukiona mshale uko mbali na hapo fanya kazi nyingine siku hiyo. Uso wa upana wa sentimita 40 unaweza kupungua zaidi ya milimita moja hewa ikikauka sana, na mataruma yanayoupitia kwa upana hayapungui nao. Ndipo ufa unapozaliwa. Mtengenezaji wa nyumbani hana sababu hata moja ya kugundisha siku mbaya.

Freti, vile vyuma vya kukingama shingoni, nazo ni hesabu. Gawanya urefu wa uzi kwa 17.817, hapo ndipo inapokaa freti ya kwanza, gawanya urefu uliobaki kwa namba hiyo hiyo, ya pili, na kuendelea. Kwa uzi wa milimita 645 freti ya kwanza iko milimita 36.2 kutoka juu, na ya 12 iko katikati kabisa, 322.5. Katika karne ya 16 Vincenzo Galilei, babake Galileo, alipendekeza kugawanya kwa 18 kamili. Kwa uzi wangu njia yake ingeiacha freti ya 12 zaidi ya milimita 2 kutoka mahali pake, kosa ambalo sikio linalisikia. Ninapima kila freti kutoka juu kabisa ya shingo, kamwe sipimi kutoka freti hadi freti, ili makosa madogo yasijumlishane. Na mfupa wa darajani nauweka nyuma kidogo ya hesabu, milimita 2 hivi kwa uzi mwembamba na 4 au zaidi kwa ule mnene, kwa kuwa uzi ukibonyezwa unakazika na kupanda sauti.

Sasa nifike ninapotaka kufika, kwenye umaliziaji.

Kazi nyingi nzuri zinaharibikia hapa. Mtu amekaa miezi akiuchonga uso mpaka unavuma ukipumuliwa, halafu anaufunika kwa plastiki ngumu ya kupuliza kwa sababu anataka ung'ao wa dukani. Uso uliochongwa mpaka hapo hauhitaji mzigo. Vanishi ya nitroselulosi, iliyoenea viwandani tangu miaka ya 1920, inapendeza na inaweza kuwa nyembamba, lakini inataka bomba la kupulizia, chumba chenye hewa inayovutwa nje, na barakoa ya kemikali, na mvuke wake unawaka moto upesi. Poliyurethani ni ngumu na inastahimili mengi, ila ikikwaruzika huwezi kuiyeyusha na kuiunganisha upya. Zote mbili zilitatua tatizo la kiwanda: kupaka mamia ya magitaa haraka. Mimi sina tatizo hilo.

Ninatumia shelaki. Inatokana na mdudu mdogo, Kerria lacca, anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand na kujifunika kwa utomvu. Utomvu huo unakwanguliwa, unasafishwa, unauzwa kama magamba ya rangi ya asali. Unayalowesha magamba kwenye spiriti safi, gramu 200 hivi kwa lita moja, unakiacha chombo usiku kucha, unachuja, na uko tayari. Nunua yale yaliyoondolewa nta. Changanya kidogo kidogo, andika tarehe kwenye chupa, na ya mwaka jana usiitie kwenye gitaa, kwani shelaki iliyokaa muda mrefu kwenye spiriti inaweza kukataa kukauka sawasawa.

Kabla ya tone la kwanza kuna maandalizi, na hapa sina huruma na mtu mvivu. Mjomba wangu alikuwa seremala wa milango na makabati, na ndiye aliyenifundisha kunoa bamba la kukwangulia: nyoosha ukingo kwa tupa, ulainishe kwenye jiwe, kisha ukandamize kwa chuma kigumu mpaka uote kijino kisichoonekana kwa macho. Bamba lililonolewa hivyo linatoa maranda membamba kama utando, wala halitoi vumbi. Baada ya bamba, msasa namba 180, 220, kisha 320, kila mara kufuata mistari ya mti. Halafu naupangusa ubao kwa kitambaa chenye unyevu, nyuzinyuzi zilizolala zinasimama, nazikata tena kwa 320. Taa naiweka ubavuni, chini kabisa, ili mwanga upite juu ya ubao kwa mlalo. Mwanga wa namna hiyo hauachi mkwaruzo ujifiche. Mkwaruzo unaouona sasa ukauacha, polishi itautangaza.

Tabaka la kwanza ni jepesi, la kuziba tu. Kama mgongo ni wa mpingo au jamaa zake, usipake kutoka kwenye mti mweusi kuelekea uso mweupe, maana spiriti inavuta rangi ya mti na kuimwaga kwenye msprusi. Paka uso kwanza, uzibe, ndipo ugeukie mgongo na kitambaa kingine.

Msprusi hauna vinyweleo vya kujaza. Mkangazi na mninga vinavyo, vikubwa, na visipojazwa mgongo utaonekana umetobolewa kwa sindano elfu. Njia ya zamani ni unga wa pumisi, lile jiwe jepesi la volkano lililosagwa laini sana. Unachovya kifundo cha kitambaa kwenye spiriti, unanyunyiza unga kidogo, unasugua kwa miduara kwa nguvu. Unga unakata vumbi laini la mti wenyewe na kulisukuma ndani ya vinyweleo pamoja na shelaki, na yote inageuka kuwa ya rangi ya mti. Ni kazi nzito kuliko zote katika gitaa. Mabega yanajua. Lakini mgongo uliojazwa kwa vumbi lake mwenyewe una kina ambacho rojo ya kununua haijawahi kunipa.

Halafu ndipo polishi yenyewe. Kifundo changu ni kipande cha sufi ndani ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kisicho na nyuzi zinazochomoka, kimefungwa mpaka chini yake hakuna hata mkunjo. Nalisha sufi kwa shelaki na spiriti, nabonyeza kwenye karatasi mpaka alama yake iwe na unyevu tu isiwe na maji, naongeza tone moja la mafuta ya zeituni chini ili kisinate. Kifundo kinagusa ubao kikiwa tayari kinatembea, na kinaondoka kikiwa bado kinatembea. Kikisimama hata nukta moja, spiriti inayeyusha kilicho chini na unabaki na kovu. Miduara midogo, kisha mizunguko yenye umbo la namba 8, kisha mistari mirefu. Nyuma ya kifundo unaona ukungu mfupi unaofuata na kutoweka. Huo ndio mvuke wa spiriti, na ukiuona ujue kiasi chako ni sawa. Usipouona kifundo kimekauka. Ukikaa muda mrefu kimelowa mno.

Kila kikao kinaacha tabaka jembamba mno, na kila tabaka linayeyuka kidogo ndani ya lile la chini yake hata yakawa kitu kimoja. Baada ya vikao kadhaa ubao unaanza kuonyesha taa ya darini. Mwanafunzi anafurahi hapa, anataka kumaliza. Acha. Spiriti bado inatoka, na utando unazama polepole kwenye vinyweleo. Naliweka gitaa mbali na vumbi kwa wiki mbili au tatu, nalirudia, nakuta mgongo una mawimbi madogo ambayo hayakuwapo. Namwagia vikao vingine vichache, nasubiri tena. Mwisho kabisa nachukua kifundo kipya chenye spiriti kidogo sana, napitisha kwa wepesi kufuata mistari ya mti, na mafuta yaliyopanda juu yanaondoka. Utando wote ukikamilika ni wa sehemu chache za mia za milimita. Uso unaendelea kuvuma kama ulivyovuma ukiwa mtupu, au karibu sana na hapo, na hicho ndicho nilichokifanyia kazi miezi yote ile.

Shelaki ina udhaifu wake. Pombe inaiyeyusha, joto kali linailainisha, na jasho la baadhi ya watu linaitafuna mahali mkono unapopumzika. Mpigaji wa jukwaani anayesafiri usiku na mchana namshauri atafute umaliziaji mgumu zaidi, na sitamlaumu. Shingoni mimi mwenyewe napaka vanishi ya mafuta juu ya utando mwepesi wa shelaki, kwa kuwa kiganja kiko pale muda wote. Ule utando wa chini ni muhimu hasa kwa mbao za Dalbergia: zina kemikali ndani yake zinazozuia mafuta kukauka, na asiyeziba kwanza atasubiri vanishi inayonata mpaka achoke. Na vitambaa vilivyotumika kwa mafuta ya kitani vitandazwe au vilowekwe majini, visiachwe vimefinyangwa pembeni, maana hujipasha moto vyenyewe hata vikawaka.

Daraja linagundishwa mwisho. Kabla ya polishi ninabandika karatasi yenye gundi hafifu mahali pake ili pabaki mti mtupu, kwani gundi inataka mti, haitaki shelaki, na zile kilo 70 zote zinashikwa na eneo lisilozidi kiganja. Nikibandua karatasi nasafisha hadi ukingoni mwa polishi, bila kukata nyuzinyuzi za uso kwa kisu. Mkato mdogo pale ni mwanzo wa ufa.

Nyuzi zikifungwa kwa mara ya kwanza sauti huwa imebana. Uso bado haujajua mzigo wake. Nazikaza nusu, naacha usiku mmoja, nazikaza zote, halafu nalipiga kila siku. Siku za mwanzo napima kila jioni kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12, kwa kuwa uso unapanda kidogo nyuma ya daraja na shingo inaitikia. Mfupa wa mwisho wa darajani siuchongi mpaka vipimo vitulie, wiki kadhaa baadaye. Kiwanda hakiwezi kukaa na gitaa wiki hizo zote. Linatulia mikononi mwa mnunuzi. Langu linatulia mikononi mwangu, na linapotoka nalifahamu.

Magitaa yangu huishia kwa ndugu na marafiki wanaopiga. Kila anayepokea namwambia maneno yale yale: futa kwa kitambaa kikavu ukimaliza kupiga, usikaribie na manukato wala dawa ya kusafishia yenye spiriti, usiliache kwenye gari lililofungwa juani. Na baada ya miaka, utando ukififia pale mkono unapoegemea, usinunue chochote cha kulipaka. Nirudishie. Nitaufungua kwa spiriti kidogo, nitapitisha kifundo jioni mbili tatu, na lipya litaungana na la zamani pasionekane mshono. Magamba ya kazi hiyo ninayo daima kwenye kopo, makavu, kwa ajili yao.